Mshono wa Makubadhi Kwenye Mkanda wa Kililana

Amu, Alhamisi baada ya alasiri

Kwa mwanangu Athman,

Assalamu alaykum. Kukuuliza hali itakuwa mchezo, maana wewe uko juu unafunga sanduku, nami niko chini ukumbini, na kila ukiburura kitu nakusikia. Lakini nilipaswa kusema neno jana na sikulisema. Nikingoja hadi kesho gatini, utakaposafiri, nitalimeza tena, maana koo langu nalijua. Ndiyo sababu naandika.

Mambo ya kula, kuvaa, kusali na watu wa kuepukana nao, mamako ameshakwambia mpaka umechoka, na mimi sina la kuongeza. Mimi nimekasirika, Athman. Nimekasirika tangu jana, na kila nikijaribu kuishika hasira yangu nijue ni ya nani, inaniteleza. Ilianza kwako. Sasa imenirudia mwenyewe, na hapa imekaa.

Jana mjombako Famau alikuja na guni yake, ile aliyopimia pembe za milango na vitanda tangu ujana wake, ambayo hajapata kumwazima mtu nje ya nyumba hii. Akakuwekea magotini, akakwambia ukifika huko kwenye kiwanda cha mkonge usikate ncha ya mkanda wa mashine kwa kukisia, ukate kwa hii. Wewe ulikuwa umekaa na wenzako barazani, na barua ya sifa ya meneja wangu mfukoni, na kichwa kimekuwa kikubwa. Ukamjibu mbele ya watu:

"Mjomba, na wewe ungalisimama mbali na mkanda ule, jito lako lingalikuwako."

Wenzako wakamcheka mtu wa jicho moja. Famau naye akacheka kidogo, akakuachia guni pale barazani, akashika njia. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwako, na kikombe cha kahawa mkononi.

Nilitaka kukuzaba kofi. Mkono haukunyanyuka, na si kwa sababu umekuwa mkubwa. Haukunyanyuka kwa sababu neno lile ulilitoa kinywani mwangu. Mimi ndiye niliyekufundisha. Mara ngapi nimekwambia, ulipokuwa ukinisogelea kazini, "usisimame kama mjombako"? Nililisema mpaka likawa methali ya nyumba hii. Na ni uongo, mwanangu. Mwaka wa saba huu naulea uongo huo.

Basi sikiliza mkanda ule ulikatikaje.

Unajua sisi ni watu wa Siyu, na kwetu ni ngozi. Babu yako alishona makubadhi, na babake alishona makubadhi, na mimi nilishika maharazi, ile sindano ya kutobolea ngozi, kabla sijajua kufunga kikoi. Walipofungua kile kiwanda cha pamba Kililana, ng'ambo ya Amu, mikanda ya mashine ilikuwa ikiwakatikia kila wiki, na kuagiza mpya kutoka Mombasa kulichukua mwezi mzima. Pamba ilirundikana ghalani, ikinyeshewa na kuliwa na panya. Meneja, mzungu mmoja mfupi mwenye uso mwekundu, akauliza kama hapa hakuna mtu anayejua ngozi. Famau, aliyekuwa seremala wa kiwanda, ndiye aliyenitaja. Alisema anaye shemeji yake Siyu ambaye akishona kitu hakifumuki. Ndivyo tulivyohamia Amu, wewe ukiwa bado unatambaa. Nakukumbusha hili ulijue vizuri: mkate tuliokula miaka yote hii, Famau ndiye aliyetufungulia mlango wake.

Wale vijana wa kiwandani hawakunipokea vizuri. Mnyapara alinibandika jina siku ya kwanza: Fundi Makubadhi. Nikipita watu wanaangalia miguu yao na kuniuliza bei ya kandambili. Nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa nawaka. Mtu wa Siyu huwezi kumchezea kwa ngozi. Nikaapa kwamba nitawaonyesha.

Miaka ya mwanzo nilitumia vile vibanio vya chuma vilivyokuja na mashine. Unavijua, unavigonga kwa nyundo kwenye ncha mbili, unapitisha kijiti katikati, kazi imekwisha. Mtoto mdogo anaweza. Kisha vibanio vikaisha, na siku hiyo hiyo ukakatika mkanda mkubwa kuliko yote, ule unaoendesha mashine ya kushindilia pamba ikawa robota. Meneja akasema kama nina ufundi wa kwetu, sasa ndio wakati wake. Nikafurahi, Athman. Nilifurahi kama mtu aliyeitwa kuoa.

Famau akaniletea guni. Akaniambia ncha zikiwa na mshazari hata wa unywele, mkanda utavutwa upande mmoja. Nikamwambia hapana, mimi nakata ngozi kwa jicho tangu utotoni. Nikaiacha guni na maneno yake palepale. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na lilikuwa dogo, maana kweli jicho langu halikukosea sana.

Kosa la pili ndilo lililotuharibia.

Unajua kubadhi linavyoshonwa. Upande wa juu, unaoonekana, nyuzi hulala zimenyooka, sawasawa, kila moja na jirani yake, mpaka mteja anapitisha kidole na hasikii kitu. Makutano yote, pale uzi unapokatiza juu ya uzi mwenzake, huzikwa chini. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa, na mkono wangu haukujua njia nyingine. Nikatoboa safu mbili za matundu, nikalainisha uzi wa ngozi mbichi kwa maji, nikaanza katikati nikienda pembeni, kama unavyofanya wewe. Nikazinyoosha nyuzi zote upande wa nje wa mkanda, upande wa watu. Na makutano nikayaweka ndani.

Ndani, mwanangu. Upande unaokanyaga gurudumu.

Leo hata wewe ungecheka. Mkanda haushonwi kama kiatu. Unashonwa kinyume: nyuzi zilizonyooka zikae ndani, zifuate njia ya mkanda, zipite juu ya gurudumu bila kusuguka, na makutano yawe nje, hata yakionekana mabaya. Nami nililishonea gurudumu uvimbe wa nyuzi zilizopandana, na kila mzunguko gurudumu likautafuna. Lakini nilipoutandika sakafuni, watu wote walikuja kuutazama. Mnyapara aliyeniita Fundi Makubadhi aliinama akaupapasa, akasema hajaona mshono mzuri namna ile. Nilisimama pale nimefumba mdomo kama mtu mnyenyekevu, na moyoni nacheza ngoma.

Siku ya kwanza ulikwenda. Siku ya pili ulikwenda. Siku ya tatu asubuhi nikaanza kuusikia. Kila kiungo kilipopita juu ya gurudumu, tak. Mlio mdogo sana, kati ya kelele zote zile, lakini mimi ndiye niliyeushona na niliusikia kama mtu anavyomsikia mwanawe akilia katikati ya watoto wengine. Kufika adhuhuri haikuwa tak tena, ilikuwa tap, sauti nyororo, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu maana yake ni kwamba uzi umeanza kufumuka.

Nilijua. Usije ukamwambia mtu yeyote kwamba babako hakujua. Nilikuwa na nafasi ya kwenda kwa mtu wa injini nimwambie azime. Ilikuwa hatua ishirini. Lakini kuzima injini ni kuwaita watu wote, na kuwaita watu wote ni kuufumua mshono wangu mbele ya macho yao, na mnyapara angesimama na mikono kiunoni. Nikajiambia nitangoja saa ya chakula, wakiondoka niushone upya peke yangu. Ilibaki kama nusu saa. Mtu akikuuliza bei ya fahari, mwambie ni nusu saa.

Haikufika. Uliruka. Mkanda ule una upana wa shubiri na nusu, na ukiruka hauanguki, unapiga. Nilisikia kishindo, kisha nikamwona Famau ameketi chini karibu na gurudumu, viganja vyote viwili vimefunika uso, na damu inapita kati ya vidole. Hakulia. Alikuwa akiuliza tu kama injini imezimwa, kama yupo mwingine aliyeumia.

Tulimlaza kivulini, hatua chache kutoka hapo, wakati mashua inatafutwa. Mimi nilirudi kwenye mkanda kabla ya mtu yeyote. Nikatoa maharazi, nikazichomoa nyuzi zote zilizobaki, nikazitia mfukoni. Hapo ndipo nilipoona kosa langu wazi: zile za nje zilikuwa safi kama nilivyozitia, na zile za ndani zimelika mpaka zikawa manyoya. Hakuna aliyenifundisha. Niliona mwenyewe, nimepiga magoti, na shemeji yangu anavuja damu nyuma yangu.

Kisha meneja akaja na karani wake. Akauliza mkanda ulikuwa na kasoro gani. Karani akanigeuzia uso. Famau alikuwa hapo hapo, kitambaa usoni, anasikia. Nami nikasema:

"Mkanda uli mzima. Yeye ndiye alosimeme pasipo pake."

Basi. Maneno saba au manane. Karani akaandika. Famau alipotoka hospitali na jicho moja, alikuta nafasi yake ya useremala imeshapewa mtu mwingine, kwa sababu mtu anayesimama pasipo pake ni hatari kwa wenzake. Mimi nilibaki. Tangu siku hiyo nikashona mikanda kama inavyotakiwa, na hakuna hata mmoja uliokatika mikononi mwangu, na nikawa fundi mwenye jina. Hasira zangu zilianza hapo, nilipoanza kusifiwa. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini narudi nyumbani nimenuna, na mamako akikujibu ni uchovu wa kazi. Haukuwa uchovu. Nilikuwa namchukia kila aliyenisifu, na namchukia Famau kwa kunyamaza kwake, na ilinibidi nikuchukie na wewe kidogo kila ulipoleta kipande cha ngozi unionyeshe mshono wako. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa, na wahenga walisema mficha uchi hazai.

Sasa ile barua unayoiringia. Meneja ameandika kwamba wewe ni mtoto wa fundi ambaye kiungo chake hakijapata kukatika. Ni ya Kizungu, karani alinisomea kwa Kiswahili, nikatikisa kichwa kuwa ni sawa. Kazi yako, mwanangu, imesimama juu ya jicho la mjombako, na jana ukamcheka kwa kukosa jicho hilo. Unaona nilivyokufanya? Sikukuharibu kwa kukunyima kitu. Nilikuharibu kwa kukupa uongo ulioiva, ukaula ukidhani ni chakula.

* * *

Niliiacha barua hapo. Nilipofika kwenye neno lile la chakula nilishindwa kuendelea, kwa sababu niliona nafanya yale yale: nakwambia wewe siri nyuma ya mgongo wa mwenyewe. Nikaikunja, nikachukua na zile nyuzi. Ndiyo, ninazo bado. Zimekaa miaka saba katika mkebe wa sigara chini ya vifaa vyangu, sijui nilikuwa nazingojea nini. Nikaenda kwa mjombako.

Nilimkuta anasuka kitanda. Nikamwambia nina barua yako na nataka aisikie kabla hujaisoma. Akaniambia nisome, hakuacha kusuka. Nilisoma yote, mpaka pale ulipoona nimeikatiza. Nilipofika kwenye mlio, kwenye tak, kamba ikasimama mkononi mwake. Nilipomaliza nikamwekea nyuzi juu ya paja. Akazipapasa kwa kidole gumba, kwanza zile safi, kisha zile zilizolika. Nilingoja anitukane. Wallahi nilikuwa nimejitayarisha, na nilitamani matusi yake kama mgonjwa anavyotamani maji.

Akasema, "Nalijua, Lali. Nalisikia ule mlio tangu asubuhi. Nikenda kutezama kiungo, nikwambie kwa siri, watu wasiyue."

Soma tena, Athman. Mimi nimeshayarudia maneno hayo mara ishirini njiani.

Alisimama pasipo pake, kweli. Aliinama karibu na gurudumu mashine ikienda, jambo ambalo hakuna seremala mwenye akili anafanya, ili auone mshono wangu kwa karibu na aje aninong'oneze, nisiaibike mbele ya mnyapara. Jicho lake lilikwenda kuitafuta aibu yangu ili aifunike. Na mimi, palepale, kabla damu yake haijakauka, nikamgeuzia aibu hiyo yeye.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akasema alikuwa akingoja niseme mimi. Akasema alidhani itakuwa wiki moja, labda mwezi. Baada ya hapo, akasema, aliona kama yeye ndiye atakuwa amevunja nyumba ya dadake, basi akaacha. Hakusema amenisamehe na sikumuomba anisamehe. Si jambo la kuomba kwa kupita, mtu akiwa na kamba mkononi.

Nimerudi nyumbani nikamwambia mamako. Famau ni ndugu yake wa tumbo moja, na kwa miaka saba alikuwa akimkaripia kwa uzembe uliomponza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Miaka saba nakupikia." Akaingia chumbani na sijamwona tena. Ukishuka ukamkuta amenuna, usimuulize kitu, na usinitetee.

Sasa nakwambia nitakalofanya mimi, kisha utajua mwenyewe utakalofanya wewe.

Jumamosi nikivuka kwenda Kililana, kabla injini haijawashwa, nitasimama karibu na mashine ya marobota na nitasema. Mnyapara yuko bado, karani yuko bado, wengi wa siku ile wako. Nitawaonyesha nyuzi. Wakinifukuza, nitarudi kwenye makubadhi, na safari hii nitalipokea jina langu. Meneja naye akitaka anaweza kuwaandikia watu wa mkonge kwamba alikosea habari zako. Hilo linaweza kukugharimu kazi, na najua utanikasirikia. Kasirika. Una haki, na hasira ya haki ni afadhali kuliko kicheko cha jana.

Ile barua ya meneja nimeitoa kwenye mfuko wa koti lako ulipokwenda kuoga, na nimeikunja humu pamoja na hii. Sikuichana, ingawa vidole viliwasha. Ni yako. Ukitaka, wape huko uendako. Ukitaka, wape samaki ukiwa mashuani kwenda Mokowe, na ukifika kiwandani uwaombe mkanda mmoja uliokatika, uuunge mbele yao, wakuone wewe. Mkono wako ni mzuri. Ni mzuri kuliko wangu, na sikupata kukwambia kwa sababu kila nilipouona nilikumbuka zile nyuzi katika mfuko wa shati langu.

Sina mengi ya kukuusia katika kazi. Ukiusikia mlio, zima. Usingoje watu waende kula. Na ukiona mwenzako ameinama mahali pasipo pake, kabla ya kumpigia kelele, jiulize anatafuta nini pale.

Nimeandika hasira zote hizi na bado hazijaisha, lakini wino unaisha na nakusikia unashuka ngazi. Guni iko juu ya baraza ulipoiacha. Jana usiku ilinyeshewa na umande, nimeifuta na kuipaka mafuta. Usiichukue hivi hivi; mjombako hatakupa mara ya pili. Ukiitaka, itabidi uende kwake uiombe, na mlango wake unaujua.

Kesho asubuhi tutasimama gatini wote wawili kukuaga, mimi na yeye. Najua desturi yetu, na najua utanijia mimi kwanza kunibusu mkono, kwa kuwa mimi ndiye babako. Nitakuwa nimeuweka mkono wangu nyuma. Anza na wake.

Babako,
Lali